Karatasi Niliyoibana

Mimi hakuna kinachonishangaza. Nalisema hili mwanzo kabisa, msije mkapoteza muda kunitafutia kioja. Kwa miaka thelathini na tisa nimechapa mitihani ya watoto wa Tanga, tangu enzi ya mashine ya kuzungusha kwa mkono mpaka hizi za kubonyeza kidude halafu ukaenda kunywa chai, na nimeyaona yote. Nimeona mtihani wa Sayansi ambao jibu la swali la kwanza limeandikwa ndani ya swali la nne. Nimeona mtihani wa Hisabati uliomshinda mtungaji mwenyewe, akakaa kwenye benchi langu anafuta jasho, ananiambia, "Bwana Rimu, hilo la kumi na saba hebu liondoe tu." Nimeona panya aliyeacha bahasha zote akaenda kula ya Kiingereza peke yake. Sikushangaa.

Nimeshangazwa mara moja tu, na aliyenishangaza ni msichana wa miaka kumi. Tutamfikia.

Bwana Rimu ndiye mimi. Jina la nyumbani liacheni. Kuanzia Makorora mpaka Mabawa, ukiuliza Bwana Rimu unaletwa mpaka mlangoni. Sasa nimestaafu. Hakuna aliyeniandikia barua ya kustaafu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniandikia ya kuajiriwa. Nilijiajiri mwenyewe, na mgongo ulipoanza kugombana na maboksi ya karatasi nikajistaafisha mwenyewe. Duka analo binti yangu Saumu.

Aliyeniomba niwaandikie ninyi walimu wapya ni Bi Mwanaidi, mwalimu mkuu wa shule moja pale Mabawa. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi niliishia darasa la tano." Akanijibu, "Wenye shahada ninao wa kutosha. Nakutaka wewe." Basi nisikilizeni, na ninyi vijana wa stesheneri sogeeni pia. Msinicheke kwa darasa la tano, maana kila mmoja wenu aliyesoma mjini hapa amewahi kuinamia karatasi iliyopita kwenye mikono hii. Wengine mlitokwa jasho. Jasho hilo nalijua, maana ziada za mtihani zilikuwa zinarudi dukani zimelowa.

Niliingia kazini na miaka kumi na tisa, kwa Fundi Khamis, Mpemba aliyekuwa na chumba kimoja na mashine moja ya kurudufia. Ninyi hamkuiona stensili. Ni karatasi laini yenye nta. Unaipiga taipu bila utepe, herufi zinaitoboa, wino unapita kwenye matobo. Ukikosea unapaka dawa yenye harufu kama rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri, unapiga upya. Picha unachora kwa kalamu ya chuma, na ukikandamiza kidogo tu imechanika. Ramani ya Afrika niliichora mara sita kwa siku moja. Ya sita Fundi Khamis aliitazama sana, akasema, "Hii Afrika yako ina mimba." Tukaichapa hivyo hivyo. Watoto waliitambua.

Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kugusa mpini wa mashine. Kazi yangu ilikuwa kupepea karatasi kabla hazijaingia.

"Pepea mpaka ikwambie basi," anasema.

"Karatasi haisemi, Fundi."

"Itasema. Wewe ndiye huna masikio bado."

Na kweli ilisema. Karatasi yenye unyevu ukiipepea inanyamaza, iliyokauka inachacharika. Hewa yetu hii ya pwani ina maji, na karatasi inayanywa usipokuwa macho, halafu inakwama mashineni siku ile ile ambayo mwalimu amesimama mlangoni na pikipiki inawaka. Kwa hiyo vijana, kabati la karatasi liwekeni balbu inayowaka ndani, ile ya zamani ya joto, si hizi mpya za kubana umeme. Rimu isikae sakafuni hata kama sakafu ni ya marumaru. Kila darasa ongezeni nakala tatu, moja ya msimamizi, moja ya mtoto atakayeichana, na moja ya yule aliyehamia jana na hakuna aliyemhesabu. Ushauri huo mngeulipia chuoni. Mimi nautoa bure.

Lakini jambo kubwa la Fundi Khamis lilikuwa dawati. Alilinunua kwenye mnada, dawati bovu la shule ya msingi, la mtoto wa darasa la pili au la tatu. Nakala ya kwanza ikitoka, yule mtu mzima mwenye ndevu nyeupe anakunja magoti, anajibana pale, anachukua penseli na kuufanya mtihani. Wote, kuanzia jina mpaka swali la mwisho.

"Fundi, na wewe unataka kufaulu?"

"Nataka kuona mkono wa mtoto utakwama wapi."

Nilimcheka miaka mingi. Aliporudi kwao Pemba kupumzika aliniachia mashine, deni la wino na lile dawati. Deni nililipa. Dawati nililitumia mpaka ilipokuja riso, ile mashine inayotoa nakala kama mvua. Nani tena akakae kwenye dawati, wakati ukipiga chafya moja tu darasa zima limeshachapwa? Nikalisukuma ukutani, nikapanga maboksi juu yake.

Kabla sijaendelea niwasimulie ya jogoo, nisije nikasahau.

Kuna baba mmoja alinijia na bahasha nene, mwanawe yuko darasa la tano, anataka kuuona mtihani wa Hisabati mapema. Mtu wa heshima, kanzu imepigwa pasi. Bahasha niliirudisha mfukoni mwake kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikamwambia asubiri. Nikaingia ndani, nikamchapia jedwali la kuzidisha, mara mbili mpaka mara kumi na mbili, karatasi nzuri, wino mzito. Nikamnong'oneza, "Mtihani wote umo humu. Mwambie aumeze." Akaondoka anatazama nyuma kama mwizi wa kuku. Mtihani ukafanyika, majibu yakatoka, na baba yule akaja na jogoo kunishukuru. "Bwana Rimu, ulikuwa umo kweli!" Jogoo nilimpokea. Yule hakuwa rushwa, alikuwa ada ya kufundisha.

Sasa njooni kwenye sifa yangu kubwa, maana ndiyo iliyonifikisha hapa.

Shule hazina pesa za karatasi. Mnalijua hilo, na msipolijua mtalijua mwezi wa kwanza tu. Mimi nilikuwa bingwa wa kubana. Uniletee mtihani wa kurasa sita, nikurudishie wa kurasa nne, na hakuna neno lililopotea. Nilipunguza nafasi juu, nikasogeza mistari, nikapachika picha pembeni pale ambapo mtu mwingine angeona hakuna kitu. Shule kumi na mbili zilizofanya mtihani wa pamoja, ule tunaouita wa ujirani mwema, zote zilichapa kwangu, hata moja iliyoungana na kata yetu kutoka Moa, huko karibu na mpaka, ambako bahasha zilikwenda kwa bodaboda. Walimu wakuu waliniita mchumi. Mmoja alisimama kwenye kikao akasema lau wizara ingekuwa na Bwana Rimu, kusingekuwa na shule bila madawati. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikamwambia mke wangu aniite Mheshimiwa. Akaniita, akicheka, kisha akanituma mkaa.

Miaka minne iliyopita nikabana kuliko siku zote. Ulikuwa mtihani wa Kiswahili wa darasa la nne. Zamani hadithi ya ufahamu na maswali yake vilikaa uso kwa uso. Mtoto akifungua anaona hadithi kushoto, maswali kulia. Nikaona hapa kuna karatasi nzima ya kuokoa. Nikaiweka hadithi upande wa mbele, maswali nikayapeleka nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Kazi safi. Nikachapa chini kulia, kwa herufi ndogo kama kawaida yangu, "Kwa Bwana Rimu", nikazifunga bahasha.

Majibu yalipotoka, darasa la nne lilikuwa limeshuka kata nzima, na lililoshuka kupita yote ni lile la shule ya Bi Mwanaidi. Shule iliyozoea kuwa ya kwanza ikawa ya tisa, na kilichowaangusha ni ufahamu. Watu wakamtazama mwalimu wa darasa. Huyo alikuwa Mwalimu Zaina, binti wa Muheza, mwaka wake wa tatu kazini.

Alikuja dukani kwangu mchana mmoja na faili kifuani.

"Shikamoo, Bwana Rimu."

"Marahaba, Mwalimu. Leo mtihani gani?"

"Leo si mtihani. Naomba kopi za vyeti vyangu, tatu tatu."

"Unaomba kazi wapi tena?"

"Siombi. Ijumaa ya wiki ijayo kuna kikao cha kata. Wanataka kunitoa darasa la nne wampe mtu mzoefu. Wakinitoa nitaomba uhamisho nirudi kwetu." Akatazama mashine yangu inavyotema vyeti vyake. "Watoto wale niliwapokea wakiwa la pili hawajui hata silabi, nikapanda nao. Wanasoma, Bwana Rimu. Nawasikia kwa masikio yangu wanasoma. Sijui kwenye mtihani wanaingiwa na nini."

Nikampa pole. Pesa ya kopi nikaipokea. Hapo sina cha kujisifu.

Kesho yake akaja Bi Mwanaidi mwenyewe, anataka ziada za mtihani ule ule. Niwaeleze namna yake ya kazi, kwa kuwa ninyi ndiyo mtakayoikuta. Kila Jumatano baada ya vipindi, walimu wake wanakaa duara darasani na madaftari ya watoto mbele yao. Hawaulizani nani kakosea. Wanaulizana mtoto amefanya nini, na kwa nini kwake ilikuwa sawa. Wanatembeleana madarasani, wanajaribu jambo moja dogo, wanarudi kusema limefaa au halikufaa. Yeye mwenyewe anatembelewa, na akifundisha vibaya wanamwambia, mwalimu mkuu mzima.

"Nataka kuwakalisha watoto wanane waurudie ufahamu," akaniambia, "na kila mtoto akae na mtu mzima wa kumtazama. Tunafanya utafiti."

Nikacheka. "Utafiti si wa vyuo vikuu huko, na miwani?"

"Utafiti ni kuacha kubishana tukaenda kutazama. Nina walimu saba. Mtoto wa nane hana mtu. Njoo wewe."

"Mimi? Wa darasa la tano?"

"Macho yako yaliishia darasa la tano?"

Mwanamke yule ana mdomo. Nikaenda, nimevaa shati la Idi.

Kabla ya kuanza alitupa karatasi tupu na sharti moja. "Andika unachokiona, usiandike unachokifikiria. Sitaki kuona neno 'mvivu'. Uvivu hauonekani. Andika 'ameweka penseli chini'." Walimu wapya, sharti hilo liandikeni mahali. Nimelitumia dukani, nimelitumia nyumbani, na limeniepusha na ugomvi ambao ningeuanzisha mwenyewe.

Nikapewa Mwanjaa. Kitoto chembamba, ushungi mweupe, kidole kinafuata mstari. Hadithi ilikuwa ya mzee aliyepanda miche ya michungwa, akaigawa kwa jirani zake. Akaisoma yote, midomo inacheza, hakuruka neno hata moja. Mwalimu Zaina hakusema uongo, kile kitoto kilikuwa kinasoma. Kisha akageuza karatasi. Swali la kwanza, mzee alipanda miche mingapi? Mwanjaa akatazama paa. Akaandika. Swali la pili, akatazama paa. Akaandika. Mpaka la tano, kazi ni paa tu.

Walimu wenzangu walikuwa wanatazama midomo na penseli. Mimi ni mtu wa karatasi, nikatazama karatasi. Nikaandika kwa mkono wangu huu: "Amegeuza mara moja. Hajarudi."

Alipomaliza nikamwinamia. "Mjukuu wangu, miche ilikuwa mingapi?"

"Nimesahau, babu."

"Si imeandikwa huku nyuma? Ungegeuza ukatazama."

Akanitazama kama nimemwambia akaibe. "Kurudi nyuma ni kufeli, babu."

"Nani kakwambia?"

"Chuoni, kwenye Kurani, ukivushwa ukurasa umevuka. Akirudishwa mtu wanamzomea. Na kwenye mtihani wanasema anayegeuzageuza karatasi anaibia." Kisha, kwa sauti ya kunionea huruma, "Wewe hukusoma chuo?"

Hapo ndipo niliposhangaa, vijana wangu. Maana mimi chuo nimesoma, na juzuu amma nimerudishwa mara mbili, na kuzomewa kule nakusikia mpaka leo. Na si huko tu. Darasa la tano niliambiwa nikariri mwaka, nikasema mimi sirudi nyuma ng'o, nikatupa daftari nikaondoka. Maisha yangu yote nimejisifu kwa neno hilo. Sasa nasimamishwa nalo na kitoto cha ushungi, mbele ya karatasi ambayo ni mimi niliyeibana. Kwenye mpangilio wa zamani asingehitaji kugeuza chochote. Na darasa la Mwalimu Zaina lilianguka kupita mengine kwa sababu lilikuwa tiifu kupita mengine. Wakiambiwa wasigeuze, hawageuzi.

Walimu wakakaa duara, kila mtu akasoma alichokiandika. Ilipofika zamu yangu nikaikunja karatasi yangu.

"Penseli yake nzuri," nikasema. "Ameishika vizuri."

"Ndiyo hayo tu, Bwana Rimu?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Ndiyo hayo tu."

Mwalimu Zaina alikuwa amekaa mbele yangu. Aliinamisha kichwa akaandika kwenye daftari lake, "Penseli nzuri."

Siku mbili nilikaa nalo. Nilijipa sababu zote. Mtungaji ndiye aliyepaswa kuangalia. Wasimamizi ndio waliokataza kugeuza. Na shule kumi na mbili zikijua, si zitahamia kwa yule kijana mwenye mashine mpya upande wa pili wa barabara? Siku ya tatu, mchana, duka halina mtu, nikashusha maboksi nikalitoa dawati la Fundi Khamis. Nikajibana. Goti moja lilibaki nje. Nikachukua penseli, nikaufanya ule ufahamu kama alivyokuwa akifanya yeye. Nikasoma hadithi, nikageuza. Miche mingapi? Nikatazama paa. Nikaandika arobaini. Wallahi sikugeuza, na hadithi niliichapa mwenyewe! Saumu aliyekuwa ananitazama kutoka kaunta ndiye aliyegeuza. "Baba, ni ishirini na nne."

Jioni ile ile nikaenda kwa Bi Mwanaidi nikampa karatasi yangu iliyokunjwa. Akaisoma maneno yale manne, akayasoma tena. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Wote tuliosoma vyuo hatukuliona hili. Sasa tulijaribu, tusije tukasema kwa kudhani."

Hakukubali haraka yangu. Alitaka hadithi mpya mbili ambazo watoto hawajawahi kuziona. Nikachapa kila moja kwa namna mbili, moja hadithi na maswali uso kwa uso, nyingine maswali nyuma. Siku ya kwanza nusu ya darasa ilipewa hii, nusu ile. Siku ya pili, kwa hadithi ya pili, wakabadilishana. Waliokuwa na uso kwa uso walijibu, waliowekewa maswali nyuma walibuni. Na waliobuni jana, leo wakajibu. Watoto wale wale, mwalimu yule yule. Mwalimu Zaina alisahihisha mbele yetu, na alipofika katikati akaiweka kalamu chini, akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Niliandika hivyo hivyo: "Ameweka kalamu chini."

Ijumaa ikafika. Walimu wakuu kumi na wawili na afisa elimu wa kata. Kabla hatujaingia Bi Mwanaidi aliniambia kando, "Naweza kusema tu kwamba ni mpangilio wa karatasi. Jina lako nisilitaje."

Nikamwambia, "Jina langu liko chini kulia kwenye kila nakala. Nililitaja siku nilipolichapa."

Nikasimama mwenyewe. Nikawashikia karatasi mbili, hii na hii, nikawaeleza. Nikawaambia waliyoyafanya watoto, na nililolifanya mimi kwenye dawati. Nikasema, "Karatasi hii niliibana mimi, kwa akili yangu, na mkanipigia makofi."

Yule yule aliyenisifia kwa wizara akasema, "Kumbe tuliokoa karatasi tukanunua sifuri!" Wakacheka. Nami nikacheka, maana ilikuwa kweli na ilisemwa vizuri.

Afisa akamgeukia Mwalimu Zaina. "Kwa hiyo mwalimu huna kosa?"

Angeweza kunitazama mimi akasema huyo hapo. Hakusema hivyo. Alisimama akasema, "Ninalo. Ni mimi niliyewaambia wasigeuze, na sikuwahi kuwafundisha lini wageuze. Mtihani wa taifa hauchapwi kwa Bwana Rimu. Wakikuta maswali nyuma watakwama tena. Yeye atengeneze karatasi, mimi niachieni darasa nitengeneze mkono."

Wakamwachia. Kwa wiki tatu akawachezesha. Anasoma hadithi, anauliza, na atakayerudi kwenye ukurasa akaweka kidole jibu lilipo ndiye anayepigiwa makofi, anayejibu kwa kutazama paa anaambiwa, "Paa limeandikwa nini?" Mpaka leo darasa la nne pale Mabawa likimwona mtu anakisia linamuuliza hivyo. Walinitania nalo mimi.

Kikao kiliamua mtihani ule wa Kiswahili urudiwe shule zote kumi na mbili. Afisa akauliza nani atalipia karatasi. Walimu wakuu wakaanza kutazama paa. Nikasema, "Mimi." Nikatamka kwa sauti, ili kila mtu asikie, maana jambo zuri nikilifanya sipendi lifanyike kimyakimya.

Shule mbili zilihama, sitawaficha. Kumi zilibaki, na ndani ya mwaka zikaja nyingine nne, kwa kuwa ilienea kwamba kuna mchapaji wa mitihani anayekaa kwenye dawati. Duka gani jingine mjini lina mtu wa namna hiyo? Saumu hachapi nakala ya pili kabla hajaifanya ya kwanza kwa penseli. Na kila Jumatano nina kiti changu kwenye duara la Bi Mwanaidi, mimi wa darasa la tano, na walimu wenye digrii wananiuliza, "Bwana Rimu, wewe umeona nini?" Nawaambia nilichokiona.

Siku ya marudio nilisimama dirishani. Makusudi kabisa, kwa ombi la Mwalimu Zaina, swali moja nililiacha nyuma ya karatasi. Mwanjaa alilifikia. Akatazama paa. Kisha akageuza, akarudi kwenye hadithi, kidole kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama. Akaandika. Akanitazama mimi dirishani, kifua mbele, hana haya hata chembe.

Basi walimu wangu, mtu akiwauliza kurudi nyuma kunagharimu kiasi gani, msikisie. Mimi nimelipia rimu saba, wino, bodaboda wa Moa kwenda na kurudi, na maandazi ya wasimamizi, na Saumu alipiga hesabu akairudia. Ni shilingi laki mbili, elfu kumi na nne na mia tano.